Mwili Ukiuma, Kagua Kituo Kwanza: Kutafuta Chanzo cha Maumivu kwa Washonaji na Mafundi wa Viatu Mombasa

Cherehani ikianza kuruka nyuzi, fundi hailaumu. Anaizima, anachomoa sindano na kupitisha ncha yake kwenye ukucha aone kama imepinda, anatazama uzi umepita wapi, anazungusha skrubu ya mkazo kidogo tu, kisha anajaribu kwenye kitambaa chakavu. Akilipata kosa analirekebisha hapo hapo. Lakini fundi huyo huyo, shingo ikimwaka moto saa nane mchana, atameza vidonge viwili vya maumivu, amwombe dada wa pembeni amkande kidogo, kisha arudi kwenye meza ile ile, kiti kile kile na taa ile ile. Kesho yake mambo ni yayo hayo.

Nilikaa laini, yaani safu ya cherehani, miaka tisa katika kiwanda kimoja upande wa Changamwe, nikishona jinzi za kwenda Marekani. Viwanda vya nguo vya EPZ, yaani vya kushonea soko la nje, viliajiri wengi hapa baada ya sheria ya Marekani iitwayo AGOA ya mwaka 2000 kufungua soko hilo bila ushuru, na mimi nilikuwa mmoja wa wasichana walioingia wakijua kushona na hawajui kukaa. Sasa nina karakana yangu Mikindani: cherehani sita, meza moja ya kukatia, na mafundi wawili wa viatu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayofuata mtu akija kuniambia, "Dada, mkono huu wanisumbua." Ni njia ya kutafuta kosa la mashine, ila safari hii mashine ni mwili, na kosa mara nyingi liko kwenye meza.

Kwanza, maswali matatu

Swali la kwanza ni lini. Maumivu yanayoanza saa nne asubuhi, yakakua hadi jioni, yakaisha Jumapili, ni ya kazi, na yatapungua ukirekebisha kazi. Yakianza kukufuata hadi kitandani, au Jumatatu ukiyakuta pale ulipoyaacha Jumamosi, umechelewa kidogo lakini bado una nafasi. Maumivu ambayo hayajali kama umefanya kazi au umepumzika, yakija na homa au kukonda, hayo yapeleke hospitali. Usiyatafute kwenye meza.

Swali la pili ni wapi hasa. Kusema "mkono" hakutoshi. Nataka kujua kidole kipi, upande upi wa kiwiko, bega la kulia au la kushoto.

Swali la tatu ni nani mwingine. Ikiwa wewe peke yako ndiye unayeumia kwenye laini ya watu ishirini, kuna jambo kati ya kimo chako na meza hiyo. Ikiwa kila anayepangwa kwenye mashine ya kubandika mifuko analalamikia bega la kulia, kimo hakina neno hapo. Mashine hiyo ndiyo mgonjwa.

Halafu badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na ulingojee siku tatu au nne. Ukibadilisha kiti, meza na taa asubuhi moja, shingo ikipoa hutajua ni kipi kilichoipoza, na ikizidi hutajua ni kipi kilichoichokoza.

Shingo na mabega yanawaka kufikia saa nane

Hili ndilo lalamiko kubwa la washonaji, nami nitakaa nalo. Mwombe mwenzako akupige picha kwa simu kutoka ubavuni ukiwa unashona, bila kukwambia ni lini, maana ukijua unapigwa utajinyoosha. Kisha itazameni pamoja. Kuna picha mbili tofauti, na dawa zake zinapingana.

Katika picha ya kwanza kichwa kimeinama, kidevu karibu kigonge kifua, mgongo umejikunja juu ya sindano. Hapo meza iko chini mno, au macho hayauoni mshono vizuri. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikikaa wima juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikining'inia mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia shifti nzima.

Katika picha ya pili shingo iko sawa, lakini mabega yamepanda kuelekea masikioni na viwiko vimetanuka kama mbawa za kuku. Hapo meza iko juu mno, au kiti kiko chini mno.

Wengi tulifundishwa kwamba meza iwe sawa na kiwiko. Kwa kuandika barua ni sahihi. Kushona kunataka jicho liione sindano, kwa hiyo uso wa meza uwe juu ya kiwiko kidogo, sentimita 5 hivi, na meza yenyewe iinamie upande wako, karibu digrii 10. Mwinamo huo ndio watu wanaousahau, nao ndio unaoinua kichwa bila kupandisha mabega, kwa sababu kazi inakuja kwenye jicho badala ya jicho kuifuata. Kama miguu ya mbele na ya nyuma ya meza yako imeachana sentimita 50, kuinua ile ya nyuma kwa sentimita 9 kunakupa takriban digrii 10. Usianze na 9. Mwambie seremala akukatie vipande vya sentimita 3, avitoboe vishimo vya kuingiza mguu wa meza usije ukateleza, ushone siku mbili, ndipo uongeze. Angalia na mafuta pia: cherehani ya kiwandani yenye sinia ya mafuta chini ya kichwa ikiinama sana, mafuta hukimbilia upande mmoja. Muulize fundi wa mashine kabla ya kufika huko.

Mimi ni mfupi. Mwaka wangu wa pili kiwandani nilikuwa nikikalia mto niliotoka nao nyumbani ili niifikie meza. Mto ulinipandisha, miguu ikaning'inia, kanyagio likawa mbali. Nikasogea hadi ukingoni mwa kiti nilifikie, mgongo ukakosa egemeo, kiuno kikaanza kuuma. Ili kukipumzisha kiuno nikawa naegemea meza kwa viganja na kuinama mbele. Shingo ikarudi. Nilizunguka duara hilo karibu mwaka mzima, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara ilikwenda kwenye dawa za kupaka.

Tangu hapo sirekebishi kituo kuanzia juu. Naanza na kanyagio, kisha kiti, kisha meza, mwisho taa. Wayo mzima ukae juu ya kanyagio, na goti lifunguke kidogo kuliko pembe mraba. Kiti kifuate mguu, meza ifuate kiwiko, taa ifuate jicho. Nondo inayounganisha kanyagio na mota ina skrubu ya kulegeza, na mara nyingi kanyagio lenyewe laweza kusogezwa mbele au nyuma kwenye chuma chake. Washonaji wengi niliokaa nao hawakuwahi kujua hilo. Walilikuta kanyagio pale alipoliacha mtu mrefu wa shifti ya usiku, wakadhani ndipo lilipozaliwa.

Bega moja tu likiuma, tazama bando la vipande vya kushona liko wapi. Kikapu kikiwa sakafuni kushoto, bega la kushoto na kiuno vinalipa kila pisi. Kwa tageti ya pisi 60 kwa saa na saa nane za kazi, huko ni kuinama mara 480 kwa siku kufuata kitu ambacho kingeweza kukaa juu ya kreti.

Vidole vinakufa ganzi

Hapa ndipo swali la "wapi hasa" linapolipa. Toa mkono mbele, ugawe vidole.

Ganzi ikiwa kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa kizima, chanzo kiko kwenye kifundo cha mkono. Kuna njia nyembamba pale kiganja kinapoanza, ambamo kano za kukunjia vidole hupita pamoja na neva moja. Kifundo kikikunjwa kwa nguvu siku nzima, kano huvimba na neva hubanwa. Dalili yake ya wazi ni kuamka usiku mkono ukiwaka, ukaukung'uta kama anayetupa maji ndipo upoe. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa upesi zaidi, basi usimwambie mama mja mzito kwamba ni mimba tu na akivumilia itapita. Mhamishie kazi nyepesi.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na upande wake wa kidole cha pete, kwea hadi kiwiko. Neva nyingine inapita nyuma ya kiwiko, pale ukigonga unasikia kama umeme. Kwa washonaji, karibu kila mara ni mtu anayeegemeza kiwiko kwenye ukingo mkali wa meza. Kata sponji ya godoro kuukuu, izungushie turubai, ipigilie ukingoni. Kazi ya nusu saa.

Ganzi ikiwa kwenye vidole vyote, mikono yote miwili, na nyayo pia, na wewe unafanya kazi na gundi, ruka hadi sehemu ya viatu hapo chini. Usome sasa hivi.

Nirudi kwenye kifundo. Kwenye laini yetu kulikuwa na dada aliyekuwa akibandika mikanda ya jinzi. Alikuwa na mkono wa dhahabu. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mkononi, akacheka, akasema ni usingizi. Wiki iliyofuata kikamponyoka kingine, hakucheka. Nilikaa nyuma yake wakati wa mapumziko nikamtazama anavyoshona. Suruali nzima, nzito, ilikuwa ikining'inia kutoka mezani hadi sakafuni, na mkono wake wa kushoto, ukiwa umekunjika kwenda nje, ndio uliokuwa ukiivuta kila inchi kadhaa. Hakuwa akishona tu. Alikuwa akibeba.

Tulipachika ubao kando ya meza yake, upana wa dhiraa moja, sawa na uso wa meza, ili jinzi ilale badala ya kuning'inia. Kupata ruhusa ya ubao huo kulichukua wiki tatu, na kuupachika kulichukua kipindi cha chakula cha mchana. Ganzi ilipungua mwezi ule. Kidole chake cha shahada hakikurudi kamwe kama kilivyokuwa, na wiki zile tatu bado zinaniuma.

Kwa hiyo, kwa ganzi ya kifundo: uondoe uzito wa kitambaa mkononi, sukuma kifundo kikiwa kimenyooka sawa na mkono, lainisha ukingo wa meza, na usiku ufunge kifundo kwa kibao chepesi na bandeji kisijikunje usingizini. Ukiona nyama ya chini ya gumba inabonyea kuliko ya mkono mwingine, au vitu vinakuponyoka, nenda ukaonwe. Neva iliyobanwa muda mrefu haingoji.

Gumba linauma ukikata, au kidole kinakwama

Maumivu yakiwa upande wa gumba karibu na kifundo, na yanazidi ukifunga gumba ndani ya ngumi kisha ukaishusha ngumi kuelekea kidole kidogo, au kidole kikijikunja na kukataa kufunguka hadi ukivute kwa mkono wa pili, ukague mkasi kwanza. Mkasi butu unataka nguvu maradufu. Tenga siku ya kunoa na usingoje ulalamike. Skrubu ya kati ikikaza mno, ilegeze na uitie tone la mafuta. Mishikio myembamba inayochimba kiganja izungushie utepe wa kitambaa.

Halafu jiulize kama anayekata ni mtu wa mkono wa kushoto. Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia, na anayeutumia kwa kushoto hulazimika kuzisukuma blade kinyume ili zikutane. Nimeona mtu akihangaika miaka mitano akidhani ana mkono dhaifu. Mikasi ya kushoto ipo, iagize.

Kiuno

Stuli ya mbao bila egemeo haizoeleki. Weka sponji ngumu (laini mno inabonyea ndani ya wiki), na egemeo linalogusa mbonyeo wa kiuno hata ukiwa umeinama kidogo mbele, kwa sababu mshonaji hakai kama karani. Kisha inuka. Mwili hauna mkao mmoja mzuri wa kudumu saa nne. Kila nusu saa simama, hata kama ni kwenda kuchukua bobini ambayo ungeweza kurushiwa.

Wanaobeba majora ya kitambaa wana kosa lao. Jora la jinzi liko sakafuni, mtu anainama, analivuta huku amejipinda kiuno. Kuinama pamoja na kujipinda huku umebeba ndiko kunakoumiza. Majora mazito yakae kwenye rafu ya usawa wa kiuno, mepesi ndiyo yaende juu na chini, na jora la kumtoa mtu jasho libebwe na wawili. Mkanda mpana wa kiuno unaouzwa kwa wachukuzi hauzuii jeraha, unampa tu mtu ujasiri wa kubeba zaidi.

Maumivu yakishuka chini ya goti, mguu ukikosa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukikataa kuja au ukitoka wenyewe, hapo hakuna kukandwa. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mguu wa kulia, goti, nyayo

Mguu mmoja ukiuma na mwingine ukiwa mzima, ni kanyagio. Bonyeza kwa mkono: likiwa gumu mkononi, ni gumu mguuni mara elfu kwa siku. Springi inalegezwa. Kanyagio likiwa limekaa upande, nyonga hujipinda kulifuata, basi lilete chini ya sindano. Mota za zamani za klachi hunguruma na kutetemeka hata usiposhona. Anayeweza kununua mota ya sevo, inayozunguka ukikanyaga tu, atapunguza kelele, mtetemo na bili ya umeme kwa pamoja.

Miguu yote miwili ikivimba, ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini. Shusha kiti, au weka kibao cha miguu. Mimi nilivitengeneza kutokana na paleti kuukuu zilizotoka bandarini, zinauzwa kila kona. Lakini mguu mmoja tu ukivimba kwenye shavu lake, nyuma chini ya goti, ukawa na joto na maumivu, huo waweza kuwa damu iliyoganda. Usiukande, nenda hospitali.

Wanaosimama kwenye pasi na meza ya kukatia wawekewe kitu laini cha kukanyagia, na kibao cha kupandishia mguu mmoja kwa zamu. Kwa pasi, uso wa meza uwe chini ya kiwiko sentimita 10 hadi 15, ili uzito wa mwili usaidie. Waya wa pasi uning'inizwe juu kwa springi. Waya unaoburutwa mezani huvuta kifundo siku nzima na hakuna anayeuhesabu.

Macho

Taa iliyoko darini haitoshi, na kichwa chako ndicho kinachoikinga. Kila sindano iwe na taa yake, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Kipimo cha mwanga kinachotumika kwa ushonaji ni luksi 750, na programu ya bure kwenye simu itakupa makisio. Buibui na kitambaa chochote cheusi kwa uzi mweusi kinataka mwanga zaidi. Na aliyepita miaka arubaini akianza kusogeza sindano mbali ndipo atungue uzi, anahitaji miwani tu, lakini mpaka aipate, shingo yake ndiyo inayofanya kazi ya miwani.

Mafundi wa makubadhi na viatu

Mzee aliyenifundisha kukata ngozi ana kibaraza Mji wa Kale. Anakaa juu ya mkeka, mguu umekunjwa chini ya mwingine, kubadhi juu ya paja, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi. Nilipomwamkia siku moja, "Shikamoo mzee," akajibu marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, goti hili lilinijulisha hali yake msikitini. Nilisujudu, imamu akainuka, watu wakainuka, mimi nikabaki." Tangu siku ile anaswalia kitini.

Ukaaji huo ni wa kale. Daktari wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika mwaka 1700 kuhusu washonaji wanaokufa ganzi miguu kwa kukaa wameikunja, na msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaotoka nyongani ukikatiza paja hadi ndani ya goti, unaitwa kwa Kilatini sartorius, wa mshonaji, kwa mkao huo huo. Simwambii mzee aache mkeka. Kilichomsaidia ni kukalia kigoda kifupi kinachoinua nyonga kuliko magoti, kunyoosha miguu kila anapomaliza jozi, na gogo la mwembe mbele yake la kugongea nyundo. Kugongea pajani kunaipeleka kila nyundo kwenye goti.

Kiwiko kikiuma kwa nje, nyundo ni nzito mno au mpini ni mwembamba na unateleza kwa jasho. Mpini uwe mnene, uzungushiwe ngozi.

Sasa gundi. Niliahidi kurudi hapa. Gundi za kubandikia soli huyeyushwa kwa vimiminika vyenye harufu kali, na baadhi yake vina heksani. Heksani hula neva. Japani, katika miaka ya 1960, mafundi wa ndara waliokuwa wakifanyia kazi majumbani walipatwa na ganzi na udhaifu wa miguu na mikono kwa wingi kabla ya madaktari kuugundua mkosaji kuwa ni gundi. Dalili zake huanza vidoleni mwa miguu, pande zote mbili sawasawa, kama umevaa soksi usizozivaa, kisha mikononi, kisha miguu inakuwa dhaifu ukipanda ngazi. Hakuna kiti wala meza itakayoiondoa. Acha gundi hiyo mara moja, nenda hospitali, na mwambie daktari wazi, "Nafanya kazi na gundi ya viatu," maana asipojua atatafuta kisukari tu. Hali yaweza kuzidi kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha, na kupona huchukua miezi, basi usikate tamaa ukarudi.

Gundini: soma kopo, fanyia kazi penye upepo wa kupita, si chumba cha ndani chenye dirisha moja, funga kopo kila ukichovya, tumia brashi, kamwe usitumie kidole, usinawe gundi kwa petroli, watoto wasilale chumba hicho. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke.

Uchovu wa mwili mzima mchana

Kama kila mtu analegea saa nane na makosa ya mshono yanaongezeka, tazama joto kabla ya kuwaita wavivu. Kaskazi ya Januari hadi Machi hapa, pamoja na unyevu wa hewa, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mkono wenye jasho nao hushika mkasi na kitambaa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo joto linarudi kama maumivu ya kifundo. Sogeza pasi za mvuke karibu na ukuta wenye feni ya kutoa hewa nje, mbali na washonaji. Weka maji pale watu walipo, si ofisini. Mwezi wa Ramadhani kazi nzito na ya pasi ifanywe asubuhi, na ya mkono mwepesi ibaki mchana. Mtu akikanganyikiwa, akaacha kutoka jasho, akatapika, mloweshe maji, mpepee, na mwite gari.

Umerekebisha yote na bado

Basi kosa liko kwenye mwendo. Mtu anayefanya mshono mmoja ule ule tangu asubuhi hatapona kwa kiti kizuri. Mbadilishe na mwenzake kila saa mbili, kwa kazi inayotumia viungo vingine: kubadilisha kubandika mfuko kwa kubandika zipu hakusaidii, kubadilisha kwa kukagua au kupanga mabando kunasaidia. Na tageti ikipandishwa, tazama mwezi unaofuata daftari mnaloandikia maumivu ya kila mashine.

Ikiwa mwajiri hataki kusikia, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka afanye kituo na kazi vimfae mfanyakazi, na asimbebeshe mtu uzito wa kumjeruhi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wana wawakilishi ndani yake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo, ile tunayoiita WIBA, inahusu pia magonjwa yanayoletwa na kazi, mbali na kukatwa kidole. Idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS, hupokea malalamiko. Lakini ukienda na "mkono waniuma" utarudi mikono mitupu. Nenda na tarehe, mashine, kiungo, na majina ya wengine wanne waliokaa pale pale wakaumia pale pale.

Daftari letu limefungwa kwa uzi wa jinzi kwenye kitasa cha mlango wa karakana, na kalamu yake. La mwisho kuandikwa linasema: "Mashine ya nne. Goti la kulia. Tangu Jumatatu." Tuliipindua mashine tukakuta springi ya kanyagio imeshika kutu. Tuliibadilisha jioni ile ile.